HEWA YA ZIZI INAPIMWA NA NINI?



Aliyewahi kufuga kuku ndani ya banda anaijua hewa tunayotaka kuieleza. Unafungua mlango asubuhi, macho yanawasha, pua inachoma, unarudi nyuma hatua moja. Hewa hiyo inaitwa amonia. Hutoka kwenye mavi na mkojo wa mifugo. Ng'ombe na nguruwe nao wanaitoa, ila kwenye zizi la wazi upepo huichukua, basi mtu anaisahau.

Tulipoieleza darasani, mzee mmoja alituuliza: "Mwalimu, mahindi tunapima kwa debe. Hiyo hewa inapimwa na nini?" Swali hilo si dogo. Huko Uholanzi, katika Ulaya, limefika mpaka mahakamani.

Uholanzi ni nchi ndogo. Eneo lake ni zaidi kidogo ya nusu ya Mkoa wa Tabora. Lakini humo mna ng'ombe zaidi ya milioni 3, nguruwe wapatao milioni 10, na kuku kwa makumi ya mamilioni. Wengi wanafugwa ndani, na sehemu ya chakula chao hutoka nchi za mbali. Mavi yamekuwa mengi mno kwa nchi hiyo. Amonia inapaa, kisha inashuka, mara nyingine pamoja na mvua, na kuanguka porini. Hapo inakuwa mbolea.

Mtu atasema, mbolea ina ubaya gani? Sisi si tungefurahi! Lakini si kila mmea unataka mbolea. Sehemu inayoitwa Veluwe ina ardhi ya kichanga, na vichaka vyake vya asili vimezoea ardhi maskini. Ardhi ikinona, nyasi hukua haraka na kuvifunika. Tena udongo unakuwa mchachu, chokaa inapungua, na konokono nao wanapungua. Katika misitu ya Uholanzi yenye udongo wa namna hiyo, wataalamu waliona ndege wadogo wakitaga mayai yenye maganda dhaifu. Kumbe ndege hao walikuwa wakipata chokaa kwa kula maganda ya konokono.

Hata watu wanaguswa. Amonia ikikutana na moshi wa magari na viwanda, hufanya vumbi laini sana linaloingia mapafuni.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kiwanda kina bomba la moshi, unaweza kupima pale juu. Banda la ng'ombe halina bomba, upepo unaingia huku na kutokea kule. Basi porini wanatundika vijibomba vidogo juu ya nguzo. Ndani ya kila kimoja mna dawa inayonasa amonia. Kila mwezi vinabadilishwa, na vile vya zamani vinapelekwa maabara. Kazi hiyo ilianza mwaka 2005. Kijibomba kinasema amonia ni kiasi gani mahali pale. Hakisemi imetoka banda la nani.

Kwenye banda lenyewe lazima ujue mambo mawili: amonia iliyomo katika hewa, na hewa inayotoka nje kwa saa moja. Unazidisha. Kama banda lina feni, hesabu si ngumu sana. Kama halina, wataalamu huachia humo hewa ya namna nyingine ambayo kiasi chake wanakijua, halafu wanaangalia imepungua nguvu kiasi gani. Ni kama kutia kijiko kimoja cha chumvi katika sufuria ya maji. Ukionja, unaweza kukisia maji ni mengi au machache.

Kupima hivi kila banda ni gharama kubwa. Kwa hiyo yanapimwa mabanda machache, na hesabu yake inatumika kwa mengine ya namna ileile. Katika orodha iliyotumika kwa miaka mingi, ng'ombe mmoja wa maziwa katika banda la kawaida alihesabiwa kilo 13 za amonia kwa mwaka. Mwenye ng'ombe 100 anaandikiwa kilo 1,300, hata kama hajafikiwa na mtu mwenye chombo cha kupimia.

Sheria zimesaidia, tusifiche. Tangu miaka ya 1990 mavi ya majimaji hayamwagwi ovyo juu ya shamba. Yanaingizwa ndani ya udongo, na matangi yanafunikwa. Amonia ya nchi nzima imepungua kwa zaidi ya nusu. Lakini mapori bado yanapokea nyingi kuliko yanavyostahimili.

Mwaka 2015 serikali ilileta utaratibu mpya. Mfugaji mwenye amonia kidogo aliambiwa hahitaji kibali, atoe taarifa tu. Wengi walitii, wakakopa, wakajenga. Tarehe 29 Mei 2019 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ikaufuta utaratibu huo, kwa kuwa uliruhusu amonia ya leo kwa kutegemea nafuu ya kesho ambayo haijathibitishwa. Wafugaji zaidi ya 2,000 wakajikuta hawana kibali. Sisi tunaona hawa walionewa, maana walifanya walivyoambiwa. Oktoba 2019 wakulima wakaingia The Hague na matrekta, barabara zikajaa.

Wengine walikuwa wametumia fedha nyingi kuweka sakafu za kutenga mkojo na mavi, maana vikikutana ndipo amonia inapotoka kwa wingi. Mwaka 2022 mahakama ileile ikasema haina hakika kwamba mabanda ya namna hiyo yanapunguza amonia kama ilivyoandikwa kwenye orodha.

Mwaka 2023 serikali ilifungua mpango wa kuwalipa wafugaji wanaokubali kwa hiari yao kufunga mabanda. Januari 2025 mahakama ya The Hague, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha Greenpeace, iliiamuru serikali ihakikishe kwamba kabla mwaka 2030 haujaisha angalau nusu ya mapori yanayodhurika kwa njia hiyo hayapokei kuliko yanavyostahimili, ikitanguliza yaliyo hatarini zaidi. Na wale waliotoa taarifa tu? Hadi mwaka huo wa 2025, wengi wao walikuwa bado hawajapata kibali.