Si Mwili Uliozoea Dawa

Hapa Chepkoilel, nje kidogo ya mji wa Eldoret, si nadra kumsikia mgonjwa akilalamika, "Mwili wangu umezoea dawa." Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si tabibu, walakini sentensi hiyo hunikera, kwa kuwa kiima chake kimekosewa. Mwili haukuzoea chochote. Waliopata usugu ni bakteria.

Kosa hilo si dogo. Ingekuwa mwili ndio uliozoea, hasara ingekuwa ya mtu mmoja. Lakini bakteria sugu huhama. Jirani ambaye hajameza kidonge hata kimoja aweza kuambukizwa vimelea ambavyo tayari haviogopi dawa.

Je, wataalamu hujuaje vimelea hivyo vimetoka wapi? Mwalimu aliyewahi kusahihisha mitihani anaifahamu mbinu yenyewe. Wanafunzi kumi wakitoa jibu sahihi, huna la kushuku. Watano wakirudia kosa lile lile la ajabu, unajua walinakili daftari moja. Jenomu ya bakteria wa homa ya matumbo ni mfano wa daftari lenye herufi zipatazo milioni 4.8, japo alfabeti yake ina herufi nne tu. Kila bakteria anapojigawa, daftari hunakiliwa. Mara mojamoja kosa hupenya, na wazao hulirithi. Wanasayansi huzisoma herufi hizo kwa mitambo, wakayalinganisha makosa na kuchora nasaba, kama sisi tunavyochora ukoo wa lugha za Kibantu.

Mwaka 2010, Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na wenzake walionyesha kwamba homa ya matumbo iliyo sugu kwa dawa kadhaa nchini ilitawaliwa na ukoo mmoja, H58, ulioenea pia Kusini-mashariki mwa Asia. Mwaka 2015, uchunguzi wa jenomu 1,832 kutoka nchi 63 ulibainisha kwamba ukoo huo ulichipuka Asia Kusini, kisha ukavuka hadi Afrika Mashariki. Kumbe ugonjwa tuliodhani ni wa mtaa wetu ulikuwa na safari ndefu!

Hata hivyo, mtambo husoma kile tu kilicholetwa maabara. Mgonjwa anayenunua viuavijasumu dukani bila kupimwa haachi nyuma sampuli ya kusomwa. Na anayevimeza kwa ajili ya mafua, yanayoletwa na virusi, hapati nafuu yoyote. Huwapa tu bakteria waliomo mwilini mwake nafasi ya kuchujwa, wakabaki walio sugu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi walimu wenzangu, wa Kiswahili na wa biolojia pia, tuanze na sentensi. Mwanafunzi akiandika kwamba mwili umezoea dawa, tumsahihishe kiima. Atakapokuwa mzazi, muuguzi au muuza dawa, atajua adui ni nani, na kwamba adui huyo hakai nyumba moja.