Saratani mbali na mashine (2): Wiki tano za Eldoret

Juma lililopita tuliishia kwenye kipimo cha nyama. Leo tuseme majibu yameshatoka: mama wa Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, ana saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kupita hatua ya upasuaji. Daktari wa Lodwar anamwandikia rufaa, kwani Turkana haina mashine ya mionzi; ya karibu iko Eldoret. Kutoka Nadapal kupitia Lokichoggio na Kakuma hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka hapo hadi Eldoret, kupitia Kitale, ni zaidi ya 300 nyingine.

Wengi hudhani kinachomshinda ni bei ya mionzi. Tupige hesabu. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliporithi kazi ya mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, Oktoba 2024, kikao kimoja cha mionzi kilipangiwa shilingi 3,600. Ugonjwa huu huhitaji vikao 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Hizo ni 90,000, mbali na kemo ya kila wiki na mionzi ya ndani inayofuata, na kikomo cha familia wakati huo kilikuwa 400,000. Kwa aliyelipa mchango, kadi inatosha. Nasema aliyelipa, maana asiye na ajira hudaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini cha 300 kwa mwezi kinafikia 3,600 zile zile. Mfugaji aliyemalizwa na ukame wa 2020 hadi 2023 atazitoa wapi?

Kikao chenyewe ni cha dakika chache. Mgonjwa hunywa maji kibofu kijae, hulala mezani, wahudumu humlinganisha na alama walizomchora kiunoni, mashine ikazunguka, basi. Saa zilizobaki ni shauri lake: kitanda, chakula, nauli, katika mji asio na ndugu. Hayo SHA hailipi. Wala hawezi kwenda kuwaona watoto arudi mwezi ujao. Tiba yote, pamoja na ile mionzi ya ndani, yafaa iishe ndani ya wiki nane hivi. Ikikatizwa, seli za saratani huzaana upya na nafasi ya kupona hupungua. Anayeondoka wiki ya tatu husemwa kuwa amekimbilia kwa emuron, mganga wa jadi wa Waturkana. Mimi kwanza ningeuliza kama mbuzi wa kuuza walikuwa wamesalia.

Mkimbizi wa Kakuma huongezewa foleni ya kibali cha kutoka kambini, nacho kina tarehe ya kuisha.

Kaunti hutenga basari kila mwaka ili watoto wa Turkana wakasome mbali. Basari ya mgonjwa wa mionzi ingekuwa kitanda na chakula cha wiki hizo, na tiketi ya basi, kwenda na kurudi. Ni fedha ndogo kuliko bei ya mashine yoyote inayoahidiwa majukwaani.

Juma lijalo: mofini, kwa wale ambao mionzi haitawaponya.