Kitabu Kilale Nyumbani

Mtu akitaka kujua kama mpango wa familia kusoma pamoja una uhai, asianze kwa kuhesabu vitabu vilivyoletwa. Aulize vinalala wapi. Katika shule nyingi za msingi za vijijini jibu ni lile lile: kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu, ufunguo mfukoni mwake. Watoto huviona saa ya somo, huvisoma watatu au wanne kwa kitabu kimoja, kisha vinakusanywa, vinahesabiwa na kufungiwa. Jua likizama, hakuna hata kimoja kilichovuka uwanja wa shule.

Nitaipima hoja hii Ziba. Ni kata ya wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, jirani na Nkinga yenye hospitali kubwa ya misheni. Ni nchi ya pamba, ya mpunga wa majaruba na ya ng'ombe. Wanyamwezi na Wasukuma wamechanganyikana, na asubuhi utasikia "mwangaluka" kabla hujasikia "habari za asubuhi". Tabora ni miongoni mwa mikoa ambayo sensa imezoea kuikuta nyuma kwa idadi ya wanaojua kusoma na kuandika. Nimeichagua Ziba kwa sababu yote yanayofanya usomaji wa familia uwe mgumu yapo pale, na yanayoweza kuurahisisha yapo pia, ila hayo ya pili hayaandikwi kwenye maandiko ya miradi.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Mpango wa Uwezo, ulioanza 2009, uliwapima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti yake ya 2010 ilitushtua: karibu mtoto mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza darasa la saba nchini hakuweza kusoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Wengi tunalikumbuka jambo hilo. Tunalolisahau ni mahali kipimo kilipofanyiwa. Wapimaji walikuwa vijana wa kujitolea, na hawakwenda kusimama mbele ya darasa. Walipiga hodi nyumbani, mtoto akasoma mkekani au chini ya mwembe, na mzazi akaambiwa matokeo hapo hapo. Mzazi aliyeamini kwamba kuvaa sare ndiko kusoma alijionea mwenyewe. Kwa mara ya kwanza swali la kusoma lilikuwa limehamia uani.

Serikali nayo ilijibu kwa namna yake. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa na msisitizo wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na 2015 mtaala wa madarasa ya chini ukabadilishwa kufuata msisitizo huo. Kisha 2016 elimu bila ada ikajaza madarasa. Hapo hesabu ndogo inatosha. Darasa la kwanza likiwa na watoto 100, na mwalimu akataka kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti kwa dakika 2 tu, anahitaji dakika 200, yaani zaidi ya saa 3, na siku yake yote imekwisha. Nyumba yenye watoto watatu inahitaji dakika 6. Hata mwalimu awe hodari kiasi gani hesabu hii haimpi nafuu, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuitafuta familia.

Pingamizi linakuja mara moja: wazazi wenyewe hawajui kusoma. Historia yetu ina la kusema hapa. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye TANU ikaazimia kuufuta ujinga wa kutojua kusoma kufikia 1975. Mikoa ya Ziwa ilikwisha kuwa uwanja wa majaribio wa UNESCO kuanzia Mwanza, ambako mkulima alijifunza herufi kwa kitabu kilichozungumzia pamba yake na mvuvi kwa kitabu cha samaki. Watu wakaita madarasa hayo ngumbaru, kwa utani ulio na heshima ndani yake. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walishuka kutoka theluthi mbili hivi za watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Sensa ya 2022 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika, wenye miaka 15 na zaidi, ni asilimia 83. Mbinu za kuhesabu si zile zile, kwa hiyo sidai kwamba namba hizo mbili zinalingana moja kwa moja. Hata hivyo yeyote aliyewahi kukaa na mzee wa ngumbaru anayejua kuandika jina lake na asiyeweza kusoma tangazo la mnada ameona kilichotokea: herufi zilifundishwa, kisha hakukuwa na cha kusoma, zikachakaa kama jembe lisilopelekwa shamba.

Enzi hizo zilituachia somo jingine lililo na faida zaidi kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na vijitabu na kiongozi. Redio ilisema, msomaji mmoja akasoma, wengine wakajadili, kesho yake wakachimba choo. Msomaji mmoja alitosha kuifanya karatasi iwe mali ya watu kumi na watano. Sioni kwa nini tulisahau. Siku hizi mtu huyo mmoja yupo karibu kila nyumba, ila ana miaka kumi na yuko darasa la nne.

Na kazi amekwisha kuianza. Meseji ya M-Pesa ikiingia kwenye simu ya bibi, mjukuu ndiye anayeitwa: "Njoo unisomee, nani katuma, shilingi ngapi?" Stakabadhi ya pamba, kadi ya kliniki ya mdogo wake, maelezo ya dawa ya mifugo, barua ya wito kutoka kwa mtendaji wa kijiji, yote humpitia. Mtafiti Denny Taylor, aliyeandika kitabu juu ya kisomo cha familia mwaka 1983, alizichunguza familia na kuona kwamba maandishi hukua ndani ya shughuli za kila siku, hayasubiri saa ya somo. Bibi wa Ziba hakuhitaji kumsoma Taylor ili amwite mjukuu. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba pale anapomwita, tayari anaendesha darasa.

Basi mzazi asiyejua kusoma afanye nini mtoto anaposhika kitabu cha hadithi? Asikilize. Linasikika kama jambo dogo, kumbe mtoto anayesoma anahitaji sikio kuliko anavyohitaji msahihishaji. Msikilizaji huuliza "halafu?" na "kwa nini sungura alirudi?" Husikia mtoto anaposita na kurudia. Hutambua pia pale mtoto anapokariri badala ya kusoma, kwa sababu macho yako ukutani na hadithi inaendelea. Na anaweza kufanya jambo ambalo shuleni halina nafasi, nalo ni kuigeuza hadithi iwe Kinyamwezi au Kisukuma na kuisimulia upya kwa wadogo.

Jambo hili la lugha linastahili kituo. Mtoto wa Ziba huingia darasa la kwanza akiwa na lugha kamili kichwani, na mara nyingi lugha hiyo si Kiswahili. Sera yetu inataka afundishwe kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Sina ugomvi na Kiswahili, ndicho kimetuunganisha, na njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilikibeba huku karne nzima kabla ya shule zetu. Lakini kumtaka mtoto ajifunze herufi na lugha ngeni kwa mpigo mmoja ni kumtwika mizigo miwili, naye bado mdogo. Uganda walipitia njia nyingine. Mwaka 2000 shirika la LABE lilianza wilayani Bugiri mpango wa elimu ya msingi ya familia: wazazi walijifunza kusoma, na kwa siku zilizopangwa walikaa darasani na watoto wao wakaona mwalimu anafundishaje, wakitumia lugha ya nyumbani. Sisi hatuna ruhusa hiyo darasani. Jioni nyumbani hakuna anayetukataza. Kitabu cha Kiswahili kikisomwa na kujadiliwa kwa Kisukuma, mtoto anapata maana ya alichokitamka, na kusoma bila maana ni kupiga kelele kwa mpangilio.

Tabora haikuachwa mikono mitupu. Kuanzia 2014 ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza. Sehemu yake niipendayo ni madarasa ya utayari kwa watoto ambao hawakupata elimu ya awali: wiki 12, baadaye 16, za hadithi na michezo, chini ya kijana aliyechaguliwa na jamii yenyewe. Kijana wa pale pale, anayejua nyumba ya kila mtoto na lugha yake. Mpango ukafika mwisho wake, kama mipango yote. Mapema 2025 tuliona pia jinsi miradi ya fedha za Marekani ilivyosimama ghafla baada ya uamuzi uliofanywa Washington. Ushirikiano ambao mshirika mmoja ndiye mwenye fedha zote na ratiba yote ni ufadhili uliopewa jina zuri.

Turudi kwenye kabati. Ni rahisi kumlaumu mwalimu mkuu, na si haki. Katika utaratibu wa elimu bila ada, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati yake 6,000 zilikwenda shuleni, na 4,000 zikabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kitabu kwa hiyo humfikia kama mali ya serikali, kimepigwa mhuri, na siku ya ukaguzi ataulizwa kiko wapi. Hakuna mkaguzi atakayemuuliza kimesomwa mara ngapi. Ningekuwa yeye, ningefunga pia.

Nchi hii imewahi kuona jambo kama hilo. Katikati ya 1871 mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta msafiri Livingstone, alifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akakuta mfuko wa barua za Livingstone wenye tarehe ya 1 Novemba 1870. Ulikuwa umetoka Zanzibar salama, umevuka nyika na Ugogo, ukatua Kwihara ukakaa. Mwenye barua alikuwa upande wa Ujiji, hana habari. Stanley ndiye aliyemfikishia, mwishoni mwa mwaka. Safari ndefu ilikuwa imekwisha, ikabaki ile ya mwisho. Vitabu vyetu vya hadithi vinafanana na mfuko ule. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukiwasaidia wachapishaji wa Kiswahili tangu 1991, na hadithi za African Storybook huchapwa na yeyote bila malipo. Hapo hapo Tabora, Kipalapala, palikuwa na kiwanda cha Tanganyika Mission Press kilichochapa vitabu na gazeti la Kiongozi. Safari iliyobaki ni ile ya kutoka shuleni hadi nyumbani, kilomita mbili hivi.

Nani atalipa kitabu kikipotea? Hilo ndilo swali linalofunga kabati, na Wanyamwezi na Wasukuma walikwisha kulijibu, ila walikuwa wakizungumzia ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote boma moja. Alimkabidhi rafiki au jamaa baadhi yao, ili ugonjwa au wezi wasimmalize kwa siku moja. Mkabidhiwa alikunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe akifa, ngozi ilipelekwa kwa mwenyewe iwe ushahidi, na mambo yakaisha bila kesi. Aliyeshindwa kuonyesha ngozi ndiye aliyekuwa na la kujibu.

Tuchukue hapo hapo. Sanduku la vitabu vya hadithi, si vya kiada, likabidhiwe kijiji kwa mkutano mkuu wa kijiji na muhtasari uandikwe, ili mkaguzi akija akute jina la mwenye dhamana. Kila kitongoji kiwe na daftari la kuazima. Kitabu kikichanika au kikiliwa na mchwa, jalada lirudi. Jalada likirudi hakuna faini, na lisiporudi mwenyekiti wa kitongoji anajua pa kwenda. Huku ndiko sungusungu lilikochipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu walioweza kujipanga kulinda mifugo hawawezi kushindwa na vijitabu vya kurasa 24.

Washirika wengine ni wale wanaoshika karatasi tayari. Chama cha msingi cha pamba kina mizani na foleni, na kwenye foleni watu hukaa. Kliniki ya mama na mtoto ina benchi. Kanisa lina kwaya inayosoma nyimbo, madrasa ina watoto wanaosoma kwa sauti kila siku, na sijaona wazazi wakihitaji kushawishiwa kwa semina ili wawapeleke huko.

Kuhusu kalenda sitasema mengi. Mwaka wa bajeti huanza Julai na mwaka wa shule Januari, na Januari Ziba iko shambani, palizi imepamba moto. Mpunga ukianza kutoa masuke, watoto huwinga ndege tangu alfajiri. Atakayeita mkutano wa wazazi msimu huo atapata wazee watatu na mbwa. Aanze Agosti, pamba imepimwa, mpunga uko ghalani na mvua ya Novemba iko mbali.

Na siku ya kufungua sanduku, jina la kwanza kwenye daftari liwe la mwalimu mkuu. Naye ana watoto nyumbani.