Tabaka Jembamba: Mmomonyoko wa Udongo Babati

Atembeaye mjini Babati wakati wa mvua za kwanza, ambazo aghalabu huanza mwezi wa Novemba, akaziangalia kuta za nyumba zilizopakwa chokaa, ataona kwamba toka chini hadi karibu na kimo cha goti zimetapakaa vitone vya udongo mwekundu, wala hakuna aliyevirusha ila mvua yenyewe. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa mwendo wa takriban mita 8 au 9 kwa sekunde, na likiikuta ardhi tupu huyapasua madonge ya udongo na kuzitawanya chembe zake pande zote; zile ziangukazo upande wa bondeni huwa zimekwisha anza safari isiyo na marejeo, na zile laini kabisa huziba matundu ambayo maji yangepitia kuzama, hata maji, yakikosa njia, hayana budi kutiririka juu kwa juu na kuchukua kila kilichong'olewa.

Wengi waulizwapo habari za mmomonyoko huonyesha korongo, na ni kweli korongo latisha, maana humeza njia na kulikata shamba vipande viwili. Walakini hasara kubwa ya mkulima hutangulia zamani, pale maji yanapolichuna shamba zima kwa usawa na kuondoa tabaka jembamba la juu pasipo kuacha alama ya kumshitua mtu. Udongo wa unene wa milimita 1 ukiondoka katika eka moja, uzito wake hukaribia tani 5, ilhali mwenye shamba haoni pengo lolote. Na maumbile huhitaji mamia ya miaka kuumba sentimita chache tu. Fauka ya hayo, kinachotangulia kuondoka ni kile chepesi na chenye thamani, yaani mboji na chembe laini zinazoshika naitrojeni na fosfori, hata udongo uliobaki huwa maskini kuliko ule uliokwenda, na jua likiwaka wiki mbili katikati ya msimu mahindi hunyauka mapema, kwa kuwa ardhi imepoteza uwezo wake wa kuhifadhi maji. Atakaye ushahidi na ainame shambani baada ya mvua kubwa: ataona vijiwe vimesimama juu ya viguzo vidogo vya udongo, kila kimoja kimeukinga ule ulio chini yake, na urefu wa kiguzo ndio kipimo cha kilichoondoka pembeni.

Ardhi ya wilaya hii ni ya miteremko, na Wagorowa na Wairaqw wameilima na kuilisha mifugo tangu zamani. Lakini watu walipozidi, misitu ikafyekwa, na jembe la trekta, kwa kupita kina kile kile kila mwaka, likafanya tabaka gumu chini ambalo maji na mizizi hupenya kwa shida. Tope la mashambani huishia mabondeni na ziwani. Ziwa Babati halina kina kirefu, na mwaka 1990 lilifurika likaingia mjini; sisemi kwamba tope peke yake ndilo lililoleta masaibu yale, kwa sababu mvua nazo zilikuwa nyingi, lakini ziwa linalojazwa tope hupungukiwa nafasi ya kupokea maji.

Majirani zetu wa Kondoa walifika pabaya zaidi. Serikali ilianzisha huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika vilima vya Irangi vilivyoharibika. Majani yakarudi, lakini wafugaji ndio waliobeba mzigo. Hapa Babati, mradi wa kutunza ardhi ulioitwa LAMP, uliofadhiliwa na Sweden, uliishika njia ya upole zaidi, ukahimiza makinga maji, upandaji miti, na kulivunja lile tabaka gumu.

Kinga iliyo bora ni kuifunika ardhi isionane na tone uso kwa uso. Hapa pana mgogoro wa kweli, kwani mabua ya mahindi ambayo yangelifunika shamba ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na mimi simlaumu mwenye ng'ombe asiye na malisho mengine. Ndipo ninapoistahi mbaazi, ipandwayo pamoja na mahindi, ikabaki imesimama mahindi yakisha kuvunwa, ikaangusha majani yake shambani na kupenyeza mizizi mirefu katika udongo mgumu, huku ikiuongezea naitrojeni. Soko lake kubwa ni India. Na mwaka 2017, serikali ya huko ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingizwa nchini mwake, bei ikaanguka vibaya, na mkulima aliyeipanda kwa ajili ya fedha akawa na haki ya kujiuliza kama aipande tena. Kwa hiyo naona bwana shamba ahimizaye makinga maji peke yake amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpatia mkulima wa Gallapo na Bonga, humu humu Babati, mnunuzi wa hakika.