Mwavuli wa bustanini, mbu na figo: majibu kwa wasomaji

Tangu masika yaanze, maswali mengi yanayofika kwenye ukurasa huu yanahusu mmea mmoja wa mapambo. Ni ule wenye mashina membamba ya kijani yaliyosimama wima, kila shina likiwa na shungi la majani yaliyotawanyika pande zote, na ndiyo maana wengi huuita mwavuli. Kitaalamu ni Cyperus involucratus, ndugu wa mafunjo ya Ziwa Victoria na wa ndago inayowatesa wakulima. Wanaoununua hudhani umetoka ng'ambo, kumbe asili yake ni Afrika hii hii, kwenye kingo za mito na vinamasi.

Wasomaji wengine wanauliza kwa nini vipande walivyochomeka vimeoza. Wengine wameambiwa mmea huu unafukuza mbu. Wengine, kwa uhakika uleule, wameambiwa unaleta malaria. Na wapo wanaouliza kama ni kweli mizizi yake, au ya mafunjo, ikichemshwa husafisha figo. Hilo la mwisho nitalijibu bila upole.

Kwanza vipande vinavyooza. Kila aliyewahi kushika jembe anajua kupanda muhogo: unakata pingili zenye macho, unazichomeka, zinachipua. Basi watu hulichukua shina la mwavuli, hulikata vipande vya shubiri shubiri, huvichomeka kwenye tope na kungoja. Vipande hugeuka rangi, hulainika, hunuka. Hapo ndipo mtu huambiwa ana mkono mbaya. Maneno ya mkono mbaya nimeyasikia mno, na hayaelezi chochote. Aliyeshindwa kuotesha vipande hivyo alishindwa kwa sababu vipande vyenyewe havina cha kuota.

Lipapase shina hilo kutoka chini hadi juu. Hutakuta kifundo hata kimoja. Muhogo, muwa na mwanzi vina vifundo njia nzima, na kila kifundo kina jicho lake. Shina la mwavuli, hata likizidi mita moja, ni pingili moja tu kutoka topeni hadi shungini. Katikati hakuna jicho. Ukichomeka kipande cha katikati umechomeka bomba la kijani lenye nafasi za hewa, na bomba hilo litaoza hata ulimwagilie kwa mapenzi kiasi gani.

Vifundo vyote vya juu vimebanwa mahali pamoja, pale shungi linapoanzia. Majani yale, kumi na kadhaa na wakati mwingine zaidi ya ishirini, yanaonekana kutoka usawa mmoja. Yachambue taratibu kwa kisu kikali utaona yamepangana kwa mzunguko unaopanda, kila moja na kifundo chake kilichofinywa juu ya kingine. Katika kwapa za majani hayo kuna macho. Shungi likiwa hewani, macho hayo hulala. Shina likizeeka likainama, shungi likagusa maji au tope, macho huamka, yakatoa mizizi na machipukizi. Hivyo ndivyo mmea huu unavyosonga kandokando ya mto, kwa kuanguka. Mtunza bustani anayekata shungi na kuliweka majini kichwa chini anaiga tu jambo ambalo mto umekuwa ukilifanya siku zote.

Kuna msomaji aliyeuliza kwa nini kuligeuza hakuuchanganyi mmea, na swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Mimea ina homoni iitwayo auksini, ambayo hupitishwa kutoka seli moja hadi nyingine kuelekea upande wa mizizi. Mwelekeo wa safari hiyo hauamuliwi na uzito wa dunia. Unaamuliwa na protini maalumu zilizopachikwa upande mmoja wa utando wa kila seli, zinazoitoa homoni upande huo tu. Protini hizo hazina habari kwamba shungi limepinduliwa, kwa hiyo auksini huendelea na njia yake ileile. Shina likishakatwa, njia hiyo imekatika. Auksini hurundikana karibu na kidonda, na mrundikano wa namna hiyo ni mojawapo ya ishara zinazozifanya seli za mmea zianze kujenga mizizi. Chipukizi lenyewe, likishatoka, lina kipimo kingine kabisa. Ndani ya baadhi ya seli zake kuna punje za wanga ambazo ni nzito kuliko majimaji yanayozizunguka, nazo huzama upande wa chini. Kwa kuhisi punje zilikotua, chipukizi hujua chini ni wapi, hujikunja na kuelekea juu. Kwa hiyo mmea mmoja una mifumo miwili ya dira, mmoja usiojali kupinduliwa na mwingine unaosahihisha upinduaji huo, na yote inafanya kazi ndani ya bakuli lililo dirishani kwako. Mtu aliyeelewa hilo hahitaji hadithi za mkono mbaya.

Namna ya kufanya ni fupi. Chagua shungi lililokomaa lakini bado la kijani, ulikate na kubakiza shina la vidole vitatu. Punguza majani hadi nusu kwa mkasi, ulizamishe kichwa chini kwenye maji safi, penye mwanga pasipo jua kali. Mizizi hutoka baada ya wiki mbili, tatu. Hamishia kwenye udongo wa mfinyanzi wenye mboji, na usiuache ukauke. Maji ya kisima yenye chumvi, kama mengi ya pwani, huunguza ncha za majani. Mafunjo makubwa, yale ya mita nne na zaidi, hayakubali kirahisi njia ya shungi. Gawanya shina lake linalotambaa chini, kila kipande kiwe na ncha inayokua. Na miche nunua kitaluni. Kuingia kinamasini miguu mitupu kwa ajili ya pambo ni kujitafutia kichocho.

Sasa mbu. Mwavuli ulio kwenye chungu haufukuzi mbu. Anayekuuzia kwa kazi hiyo anakuuzia usingizi usio na chandarua. Lakini pia hauzai mbu. Mbu huzaliwa kwenye maji, na swali la maana ni maji gani na mbu gani. Bakuli la maji unaloweka dirishani na kisahani kilicho chini ya chungu ni mahali anapopapenda Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengi, ugonjwa ulioitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyu hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta za chombo kila wiki, kisha ujaze upya. Kwenye bwawa dogo la bustani weka samaki wanaokula viluwiluwi, au tumia kiuadudu cha kibaiolojia, kama kile kinachotengenezwa Kibaha.

Wanaosema mafunjo huleta malaria, na kwa hiyo vinamasi vifyekwe, wanahitaji jibu refu kidogo. Mwaka 2000 jarida la Tropical Medicine & International Health lilichapisha utafiti kutoka Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Watafiti walilinganisha vijiji vilivyopakana na vinamasi vya mafunjo visivyoguswa na vile vilivyopakana na vinamasi vilivyogeuzwa mashamba. Penye mashamba joto lilikuwa juu zaidi. Viashiria vya malaria navyo vilikuwa juu huko, ingawa tofauti hiyo yenyewe haikuwa kubwa vya kutosha kuondoa uwezekano wa bahati tu. Kilichojitokeza wazi ni kwamba kadiri joto la chini kabisa la kijiji lilivyopanda, ndivyo mbu aina ya Anopheles gambiae walivyozidi kuwa wengi ndani ya nyumba. Hapo hakuna ajabu. Gambiae hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi kwenye jua, kama vile vinavyobaki kati ya matuta na kwenye nyayo za ng'ombe baada ya kinamasi kulimwa. Chini ya mafunjo yaliyosongamana kuna kivuli na ubaridi. Yupo mbu mwingine wa malaria, Anopheles funestus, anayependa maji ya kudumu yenye majani, kwa hiyo sisemi kinamasi hakina mbu. Ninasema kwamba kukifyeka kwa jina la kupambana na malaria kunaweza kuwaongezea malaria walewale waliofyeka.

Wengine wanaupenda mmea huu kwa kuwa umesifiwa kusafisha hewa ya ndani. Sifa hiyo ya mimea ya nyumbani ilienea baada ya utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Nyumba si sanduku. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 2019 yalikadiria kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka jengoni. Fungua dirisha.

Kusafisha maji ni habari nyingine, maana hapo sifa ina ukweli, na ukweli huo ndio waganga wa mitandaoni wanaoutumia vibaya. Tope la kinamasi halina oksijeni. Mafunjo na mwavuli huishi humo kwa sababu mashina yao yana njia za hewa zinazoiteremsha oksijeni hadi mizizini, na kiasi chake huvujia kwenye tope linaloizunguka mizizi. Katika utando huo mwembamba wenye hewa, bakteria hugeuza amonia ya maji taka kuwa nitrati. Pembeni kidogo tu, pasipo oksijeni, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ikapotelea angani. Fosforasi hushikwa na tope na mmea, metali nzito hubaki zaidi mizizini. Kinamasi cha Nakivubo, Kampala, kimepokea kwa miongo mingi maji yanayotoka kwenye mitambo ya maji taka ya Bugolobi kabla hayajaingia ghuba ileile inayotoa maji ya kunywa ya jiji kule Ggaba. Wahandisi wa Kenya na Tanzania nao wamejenga vinamasi vya kokoto kwa kuiga kazi hiyo.

Kazi kubwa hapo inafanywa na bakteria, tope na muda. Mmea unawapa makazi na hewa. Shungi lililo kwenye ndoo haliyafanyi maji ya kisima kuwa salama, na hata maji yanayotoka kwenye kinamasi kilichojengwa vizuri bado yana vijidudu. Yachemshe au yatie dawa ya klorini.

Sasa rudi kwenye mizizi ya kuchemsha. Hoja ya wauzaji ni kwamba kinachosafisha kinamasi kitasafisha figo. Figo huchuja damu kwa shinikizo kupitia vishipa vyembamba, kisha hurudisha mwilini karibu maji yote na chumvi inayohitajika. Hakuna hata hatua moja ya kazi hiyo inayofanana na bakteria wanaogeuza amonia topeni. Na sifa ileile wanayoitangaza ndiyo inayoufanya mzizi huo uwe hatari: mmea uliokua kwenye maji machafu huzihifadhi metali nzito mizizini, na figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumizwa kwanza na risasi na kadimiamu. Anayemchemshia mgonjwa wa figo mzizi wa kinamasi cha mjini anaweza kuwa anampa sumu mahali pa dawa, huku siku za kutibiwa zikipita. Ninaandika hivi kwa hasira kwa sababu wauzaji hao huwaandama watu waliokwisha kuogopa.

Kama una kisukari au shinikizo la damu, omba upimwe figo kila mwaka. Kama umekunywa maji ya mizizi hiyo na sasa miguu au uso umevimba, au mkojo umepungua, acha leo, nenda hospitali ukapimwe mkojo na kreatinini, na umwambie daktari wazi ulichokunywa.