Benki imekataa kuhamisha mkopo wako? Angalia sahihi ya mwenza

Juzi kijana wa Basotu kanipigia simu amechemka. "Bwana shamba, hawa watu wananionea!" Ana mkopo wa trekta, riba inamkaba. Akapata benki nyingine yenye riba nafuu, akaomba inunue deni lake. Shamba lile lile, hati ya kimila ile ile. Wakamkataa.

Nikamuuliza, "Ulipokopa mwanzo ulikuwa umeoa?" Kimya. Hakuwa ameoa. Sasa ana mke, na nyumba yao iko ndani ya shamba hilo.

Kuhamisha mkopo siyo kubadilisha benki tu. Rehani ya zamani inafutwa, inaandikwa mpya, karatasi zinaanza upya. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya 1999, kilivyorekebishwa 2008, kinasema rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila sahihi ya mwenza au ushahidi kwamba ameridhia. Benki isipoupata, siku ukishindwa kulipa mkeo anaweza kwenda mahakamani kupinga mnada. Nani atakopesha hivyo? Na usijaze "sijaoa" ili mambo yaende. Kudanganya hapo ni kosa la jinai. (Dada zangu wenye mashamba, kwenu ni mume.)

"Basi atasaini tu," akasema. Shemeji akagoma. Alitaka kujua, ngano ikikataa, watoto watalala wapi? Kumbe jamaa alikuwa ameongeza na hela ya pikipiki kwenye maombi. Wakakaa siku mbili, pikipiki ikaondolewa, likabaki deni la trekta peke yake. Akasaini.

Hati ikiwa bado ina jina la marehemu baba, na Mbulu nazikuta nyingi, benki haina pa kushika mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi na jina libadilishwe. Anza mapema.

Ukiambiwa hati ya kimila ni dhaifu, omba sababu kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa hadhi sawa na hati nyingine. Hofu ya benki mara nyingi ni mnada: nani atanunua ardhi ya kijiji?

Kijana wetu sasa anadaiwa karatasi moja: barua ya benki ya zamani yenye salio la deni na ahadi ya kuachia hati likishalipwa. Kaenda Katesh kuifuata leo asubuhi.