Kukua kwa Imani ya Mwanafunzi katika Shule ya Dini Nyingi

Mwalimu anayepangiwa kazi katika shule yenye wanafunzi wa dini mbalimbali hujiuliza mapema: Je, imani ya kijana itakua hapa au itafifia? Wazazi nao huuliza hivyo hivyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani haidhoofishwi na ujirani wa imani nyingine. Hudhoofishwa na mazoea yasiyoulizwa sababu, na pengine na mwalimu asiyejua mipaka ya kazi yake.

Tuanze na Kibosho. Mwaka 1893 Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapa, na mwaka huo huo Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame, upande wa magharibi. Kwa miaka mingi mtoto wa Kibosho alibatizwa, alisomeshwa na kuzikwa miongoni mwa watu ambao karibu wote walikuwa Wakatoliki. Aliikuta dini kama alivyoikuta migomba ya kihambani: imekwisha pandwa na wengine.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilileta mabadiliko. Shule nyingi za misheni, Umbwe ikiwamo, zikawa za Serikali, na vijana wa sekondari wakapangwa shule mbali na kwao. Kengele ya kanisa iliendelea kulia kama zamani, lakini katika bweni moja sasa aliweza kulala Mkatoliki wa Kibosho, Mlutheri wa Machame, Msabato wa Upare na Mwislamu wa Pangani.

Katika shule moja ya mteremko huu, nikiwa mwalimu kijana wa zamu, nilimwadhibu mwanafunzi aliyekaa chini ya kivuli wakati wenzake wakipalilia kahawa. Nilimwita mvivu mbele ya wote. Alishika jembe, akamaliza tuta lake bila kusema neno. Jioni nilipopita mabwenini nilikuta wenzake, Wakatoliki, wamemwekea chakula wakingoja jua lizame. Ilikuwa Ramadhani. Watoto walijua jambo ambalo mwalimu wao hakulijua.

Juma lile, katika kipindi cha dini, mmoja wa wale Wakatoliki alinyosha mkono akauliza: “Mwalimu, mwenzetu anafunga hata pasipo mtu wa kumwona. Sisi twahesabiwa majina mlangoni mwa kanisa. Je, tungekwenda kama tusingehesabiwa?” Nilijaribu kujibu kwa maneno ya katekisimu, nayo hayakutosha. Swali lile lilizaa mazungumzo ya majuma mengi juu ya Kwaresima, sala na dhamiri. Mfungo wa Mwislamu haukumwondoa kijana yule katika Ukatoliki. Ulimfanya autafute kwa mara ya kwanza. Nami nilikwenda kwa yule mwanafunzi wa Pangani kumwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimwita mvivu. Wazee wa Kichaga humpelekea waliyemkosea jani la isale. Mwalimu naye hapungukiwi heshima akikiri kosa.

Historia ya nchi yetu ina mfano mkubwa zaidi. Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922 katika nyumba isiyokuwa ya Kikristo, alianza mafundisho ya dini alipokuwa mwanafunzi wa Mwisenge, Musoma. Kisha alisoma Tabora, shule ya Serikali. Alibatizwa mwaka 1943, alipokuwa amekwisha kumaliza huko. Hakuharakishwa. Baadaye alifanya kazi ya TANU bega kwa bega na Waislamu wa Dar es Salaam, naye akabaki Mkatoliki hadi kufa kwake mwaka 1999.

Kutokana na hayo, mwalimu azingatie mambo manne.

Kwanza, kila kundi lipate mwalimu wa dini yake na mahali pa kusalia, hata kama wanafunzi wake ni watatu tu. Uhuru wa kuabudu umo katika ibara ya 19 ya Katiba. Haupimwi kwa wingi wa watu.

Pili, ratiba ya shule ijue kalenda za dini. Kazi nzito za shamba zihamishiwe asubuhi wakati wa Ramadhani, Ijumaa na Jumamosi zikumbukwe, na mpishi aelezwe mapema nani hali nini.

Tatu, mwanafunzi afundishwe kueleza imani yake kabla ya kuipima ya mwenzake. Zoezi jema ni hili: kila mmoja aeleze desturi moja ya dini yake na sababu yake, wenzake waulize ili waelewe, wala si ili washinde. Asiyeweza kujibu arudi kwa padri, mchungaji au sheikh wake. Katika kule kurudi ndimo imani inamokua.

Nne, mwalimu asitumie cheo chake kuvuta wafuasi. Kijana akitaka kubadili dini, wazazi washirikishwe na muda upite. Alama za mtihani na nafasi za uongozi zisinuke dini hata kidogo.

Mwalimu mwenzangu, hatuwezi kumpa kijana imani, kwani hiyo si mali yetu. Tunaweza kumpa haki, muda na jirani mwema. Mzazi wa Pangani na mzazi wa Kibosho wametukabidhi watoto wao kwa tumaini moja: kwamba watarudi nyumbani wakiijua sala yao vizuri zaidi ya walivyoijua siku ya kuondoka.